Mwari wa Daktari wa Meno

Jino lililonifikisha kwenye sitar lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Nililivunja kwa kokwa ya tende nikiwa nabishana na mama yangu. Tulichobishania nimekisahau, ila nakumbuka vizuri kwamba mwenye hoja nilikuwa mimi.

Tulikuwa Nizwa, bara ya Omani, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimerudi kutoka Misri na shahada ya fizikia, Wizara ikanipeleka kusomesha skuli ya sekondari ya wasichana, na mama akanifuata kutoka Maskat. Majirani aliwaeleza kwamba msichana mwenye digrii na asiye na mume haachiwi akae peke yake. Atazoea.

Daktari wa meno wa hospitali alikuwa Mhindi wa makamo, Mwislamu, mpole, mwenye viganja vikubwa kuliko vinywa alivyokuwa akivitia mkono. Alipowasha mashine ya kutobolea akaanza kuvumisha sauti puani, na sauti yake ikakaa juu ya sauti ya mashine kama kifuniko juu ya chungu chake. Mashine ikigusa jino bovu, sauti ilishuka kidogo, na yeye akashuka nayo. Nilitaka kumwuliza anajuaje itashuka kiasi gani kabla haijashuka. Ndilo swali langu la kwanza kwake, nalo halikutamkika, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa wazi na umejaa pamba.

"Utaniuliza ukipona," akasema. Alikuwa ameyaona macho yangu.

Nyumba za madaktari zilikuwa njiani kwangu kwenda skuli. Nilikuwa natoka mapema, jua halijapanda juu ya mitende, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, bado baridi ya kukuuma vidole. Asubuhi moja nikapita chini ya dirisha lake nikasikia anachokipiga. Sikukijua ni chombo gani. Sauti ilipanda taratibu, ikasita, ikarudi nyuma kana kwamba imesahau kitu nyumbani, halafu ikafika pahala nisipopatarajia, na mimi nikasimama njiani na daftari zangu mkononi. Nilichelewa skuli. Siku nzima nilikuwa na hasira, maana nilikuwa nasomesha sura ya mawimbi ya sauti na hakuna hata mstari mmoja ubaoni ulioeleza kwa nini nilisimama.

Jioni nikamwambia mama nataka kujifunza sitar.

"Kujifunza nini?"

"Ni kama zeze, lakini kubwa. Anapiga daktari wa meno."

Mama alikuwa anashona kofia ya viua, kazi aliyotoka nayo Unguja na ambayo hakuiacha hata siku tuliyoingia Omani na masanduku mawili. Akavuta uzi mpaka mwisho wake.

"Kusoma kote kule Misri," akasema, "kumbe ulikuwa unatafuta ngoma."

Lakini alikubali, kwa sharti la kwenda pamoja nami. Kwa hivyo nilikwenda darasa langu la kwanza la muziki nikiwa na mama, kofia yake, sindano yake na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kitambaa. Mke wa daktari, mwanamke mwembamba asiyesema sana, alitufungulia mlango. Mama alimfundisha kuamkia siku ile ile, na tangu hapo kila tukiingia yule bibi alisema "Shikamoo, mama" kwa sauti ya mtu anayesoma dawa kwenye chupa, na mama akajibu "Marahaba, mwanangu" kama malkia.

Mimi na daktari tulisema Kiingereza. Alipotaka mama asikie, alisema Kiarabu chake cha hospitali, kilichokuwa na maneno mengi ya kuamrisha: fungua, funga, tema. Yaliyobaki nilitafsiri mimi, na sikutafsiri yote.

Siku ile akatupigia. Alikaa chini, buyu la sitar juu ya unyayo wake, kidude cha waya kwenye kidole cha shahada, akaanza kwa sauti moja moja, polepole, bila ya pigo lolote la kuhesabia. Ilichukua muda mrefu. Mama akashona ua zima. Hatimaye akaniinamia.

"Nyuzi zake bado hazijatengenea tu?"

"Anasemaje mama?" akauliza daktari.

"Anasema nzuri sana."

Masomo yenyewe hayakufanana na nilivyodhani. Nilidhani nitapewa kanuni, kisha mifano, kisha mazoezi, kama kitabu chochote chenye akili. Nilipewa sauti nne. Nikazipiga kupanda na kushuka mpaka ncha za vidole zikawa kama zimepitishwa kwenye mbuzi ya nazi. Nikiuliza kwa nini nne, anasema piga. Nikiuliza ya tano inakuja lini, anasema piga. Chini ya nyuzi zinazopigwa kulikuwa na nyingine nyembamba zisizoguswa kabisa, ambazo huitika zenyewe ukipata sauti sawasawa. Hilo nilimweleza mimi, kwa ukamilifu, na mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa mbona kwako haziitiki?"

Mama akataka kujua tunazungumza nini. Nikamweleza habari ya nyuzi zinazoitika.

"Kama watu kwenye maulidi," akasema. "Msomaji akikosea, wanakohoa."

Kilichonikera zaidi ni habari ya saa. Alisema kile nilichokisikia dirishani ni cha alfajiri, hakipigwi wakati mwingine wowote. Nikamwambia uzi haujui saa. Nikachukua uma wa sauti kutoka maabara ya skuli, nikaupiga alfajiri, nikaupiga adhuhuri, nikamletea habari kwamba ni sawasawa.

"Uma ni sawasawa," akasema kwa Kiarabu, ili mama asikie. "Na wewe? Alfajiri na adhuhuri ni mtu yule yule?"

"Mwambie alfajiri sijapata kumwona," akasema mama.

Basi nilichokuwa nakitaka ni hicho, kipande cha alfajiri. Daktari hakunificha mambo. Alisema kipande hicho si chake, ni cha nyumba yao. Kilitungwa na mwalimu wa mwalimu wa mwalimu wake, kimeshuka kutoka mkono hadi mkono, na hakitoki ila kwa mtu aliyefungwa uzi. Mwalimu humfunga mwanafunzi uzi mkononi mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo mwanafunzi si mtu aliyekuja kujifunza, ni mtu wa nyumba. Akanitajia silsila yote, jina baada ya jina, mpaka kwa babu wa karne nyingine. Na kila alipofika kwenye jina la mwalimu wake mwenyewe, alikamata ndewe ya sikio lake la kulia.

Nilimwuliza maswali mengi siku ile. Je, uzi una kazi gani ambayo ahadi haina? Je, aliyefungwa uzi akiwa hana kipaji? Je, nikikisikiliza dirishani nikakishika mwenyewe? La mwisho lilimchekesha.

"Ulikisikia. Umekishika?"

Sikuwa nimekishika. Nilikuwa nimejaribu kwa siri kila siku.

Halafu ikaja habari kwamba hospitali inamhamishia Sur, likizo ya skuli ikianza. Kwa barabara ya wakati ule, kupita Ibra na kuendelea, nusu yake vumbi na mabonde yanayojaa maji yakitaka, Sur ilikuwa safari ya kuagana. Akaniambia wazi: atanifunga uzi kabla hajaondoka, na kipande kile atanipa, kama mambo mawili yatatimia. Kwanza mama aridhike. Pili mimi nipunguze maswali, kwa sababu mkono wangu wa kushoto unauliza kabla haujacheza, na ndiyo maana unachelewa.

La pili nilidhani ni jepesi.

La kwanza lilikufa siku ile ile njiani. "Uzi?" akasema mama. "Wa mkononi? Nimekaa Unguja kati ya waganga wa kila namna, sikufungwa uzi mimi wala mama yangu. Leo nije nifungiwe mtoto hirizi Nizwa, mji wa maulamaa?"

"Si hirizi, mama."

"Anausomea mwenyewe huyo daktari?"

"Hausomewi kitu."

"Basi unafungwa wa nini?"

Hilo lilikuwa swali langu mimi, neno kwa neno, na nilishangaa kujikuta nalitetea jambo nisiloliamini mbele ya mtu aliyekuwa na hoja yangu. Nikasema ni alama. Nikasema ni desturi. Mama akasema alama anazozijua yeye hutiwa kwenye mbuzi wasipotee.

Ila kuhusu maswali alikuwa upande wa daktari kabisa. "Mwari hamwulizi somo wake mbona," akanambia. "Anafunzwa, ananyamaza. Ataelewa baadaye, yakimfika."

"Mama, huyu si somo. Ni daktari wa meno."

"Basi wewe ndiye mwari wa daktari wa meno." Na jina hilo likanikaa. Nikichelewa kuamka, "Mwari kalala." Nikiunguza wali, "Msimlaumu, yuko ndani, anachezwa."

Wiki zikapita hivyo. Nilikwenda, nikapiga, nikajitahidi kunyamaza, nikanyamaza mpaka masikio yakavuma. Mama alikuja kila mara, akashona, akatazama. Na alichokuwa akikitazama, nilikuja kujua, ni sikio la daktari.

Siku moja kabla hatujatoka nikamkuta jikoni anachemsha mafuta ya ufuta na vitunguu thomu. Nyumba nzima ilinuka. Akayachuja, akayatia kwenye kichupa, akakifunga kwenye leso. Nikauliza, akasema hayanihusu. Tulipofika kwa daktari alimwacha akae kwanza, kisha akasimama mbele yake na pamba mkononi.

"Mwambie alale ubavu," akaniambia.

"Mama, unafanya nini?"

"Sikio linamla. Tangu siku ya kwanza namwona anajikamata, anajikamata, na mkewe kimya. Daktari wa meno atajitibu sikio? Mwambie alale. Ni ya uvuguvugu, hayaunguzi."

Nikamwambia daktari, kwa Kiingereza, kwamba mama ameona anavyogusa sikio akadhani ni ugonjwa, na kwamba nitamzuia sasa hivi. Yeye akamtazama mama, akaitazama pamba, akavua miwani. Akalala ubavu juu ya zulia lake, mtu mzima, mganga wa serikali, na mama akamtia matone ya mafuta ya thomu kwenye sikio lisilo na ugonjwa wowote. Mkewe alikimbilia ndani. Tulimsikia akicheka kwenye mto.

Alipoinuka, pamba sikioni, ndipo akamweleza kwa Kiarabu chake. Hakuna maumivu. Kwao, ukilitaja jina la aliyekufunza, unakamata sikio kuomba radhi: mimi ni nani hata nilitaje. Maneno hayakumtosha, akakamata sikio tena kuonyesha, na mafuta yakamchirizika shingoni.

Mama akakifunga kichupa.

"Na mwalimu wake yuko hai?"

Nikauliza. Alikuwa amekwishafariki.

"Amekufa na bado anamwomba radhi," akasema mama, si kwangu wala kwake. Kisha akanigeukia. "Wewe, waliokusomesha Misri, uliwakamatia sikio?"

"Niliwafanyia mitihani, mama."

"Ndiyo nasema."

Usiku wa pili yake, akiwa anatafuta tundu la sindano, akauliza kama kwa bahati mbaya: "Huo uzi, nani anausokota?"

Nikasema sijui. Nikaambiwa nikaulize, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yangu. Nikauliza. Daktari akasema uzi wowote ule, huletwa na watu wa mwanafunzi.

"Watu wa mwanafunzi," akarudia mama nilipomwambia. "Yaani mimi."

"Yaani wewe."

"Si ungenambia tangu siku ya kwanza?" Akainua kibonge chake cha uzi mweupe wa kofia, akakigeuza kwenye mwanga wa taa. "Huu nnaujua. Nimeununua mwenyewe suku ya Matrah. Haujasomewa kitu ila bei." Na jambo likaisha hapo. Aliyekuwa akikataa uzi wa watu hakuwa na ugomvi na wake.

Daktari akataja siku, Ijumaa baada ya alasiri, na vitu vinavyotakiwa: uzi, kitu kitamu, na dengu kavu kwa sukari guru. Dengu, alinieleza, mwanafunzi hutafuna mbele ya mwalimu. Ni ngumu kama risasi, ili ajue kazi iliyoko mbele yake. Nikampa mama orodha hiyo kwa mdomo. Ya ugumu sikuitaja, nilidhani haimhusu mpishi.

Tulikwenda na halwa ya Nizwa kwenye bakuli la udongo, uzi ndani ya leso safi, na sufuria. Mke wa daktari alikuwa amefukiza ubani na kutandika shuka jeupe. Daktari alivaa kanzu ya kwao iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Mama akafungua sufuria. Ndani mlikuwa na dengu zilizochemshwa usiku kucha, laini, kwa pilipili na ndimu, zinatoa moshi.

Daktari alizitazama kwa muda.

"Mama, zilitakiwa kavu," nikasema.

"Kavu? Nimletee mtu dengu kavu nyumbani kwake, yeye farasi?"

Ilibidi sasa nieleze ya risasi na ya ugumu wa kazi, huku na huku, kwa lugha tatu. Mama akasema kazi itakuwa ngumu yenyewe, haihitaji msaada wa dengu. Daktari akanifanyia ishara nifungue mdomo. Nikafungua, kwa mazoea. Akachungulia gego la kushoto.

"Kama mwalimu, sharti nizikatae," akasema. "Lakini hilo jino nimelijaza mimi."

Tukakaa. Akauchukua uzi wa mama, akaukunja mara mbili, akaushika juu ya kiganja changu. Kisha akasema maneno yanayosemwa: nitakachokupa utakipokea kama kilivyo, na siku yako utakitoa kama ulivyokipokea, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Akasubiri niseme ndiyo.

Nilikuwa nimejifunga kutouliza. Nilijua nikisema ndiyo nimepata nilichokitafuta, na kwamba wiki mbili baadaye angekuwa Sur. Lakini ndiyo ile ilikataa kutoka. Nikamtazama mama, akanikazia jicho.

"Ustadh," nikasema, "na yule wa kwanza kabisa? Yeye alikipokea kwa nani? Kama hakuna aliyezidisha, kipande cha alfajiri kimetoka wapi?"

Mkono wake ukabaki pale pale, uzi haujafungwa. Mama akafumba macho. Nilijua nimekiharibu, na bado nilitaka jibu.

Aliyesema alikuwa mke wa daktari. Alizungumza na mumewe kwanza, kwa lugha yao, maneno machache, na daktari akajikamata sikio na kuangalia shuka. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiingereza ambacho miezi yote ile sikujua anacho.

"Swali hilo hilo mume wangu alimwuliza baba yangu. Siku kama hii. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Ndivyo nilivyojua kwamba mwalimu aliyekuwa akikamatiwa sikio kila siku alikuwa mkwewe. Nikamtafsiria mama, ambaye alifumbua macho yote mawili.

"Na huyo baba yake alimjibu nini?"

Yule bibi akacheka. "Hakumjibu. Alimwambia ale dengu."

Daktari akachota dengu kwa vidole vyake vikubwa, akanitia mdomoni kabla sijasema la pili, nyingi, zenye pilipili, mashavu yakanijaa. Na nilipokuwa natafuna, macho yananitoka maji, akanifunga uzi mkono wa kulia, fundo juu ya fundo. Sikusema ndiyo. Sikuweza. Kutikisa kichwa kwangu, ambako kwa kweli kulikuwa ni pilipili, alikuchukulia kuwa ndiyo.

"Mara mbili sasa," akasema, "unaniuliza mdomo umejaa."

Alinipa kipande kile katika wiki zilizobaki, alfajiri, kabla ya kliniki. Mama alikuja nami akiwa na kanga begani na usingizi machoni, hakulalamika. Kisha lori likabeba vitu vyao kuelekea Sur. Sitar moja ya mazoezi waliniachia. Mke wa daktari alimwambia mama "Shikamoo" mara ya mwisho, na mama akamfungia kichupa cha mafuta ya thomu, kwa safari.

Swali langu sijajibiwa mpaka leo. Uzi ulichakaa, mama akanifunga mwingine kutoka kibonge kile kile, bila ya sherehe, huku anashona. Na darasani, nikisomesha sura ya mawimbi, wasichana wa mstari wa nyuma walianza kujikamata masikio kila nikisema "mwalimu wangu mmoja", na wakacheka, na ilinichukua muda kutambua wanamwiga nani.

Asubuhi ya kwanza ya likizo ile, lori limekwishaondoka, niliamka peke yangu, bado giza, nikaweka buyu juu ya unyayo, nikaanza. Taratibu, sauti moja moja. Mama akatoka na kofia yake, akakaa mlangoni. Nilipanda, nikasita, nikarudi nyuma, na nyuzi za chini, mara moja tu, ziliitika.

Mama akavuta uzi mpaka mwisho wake.

"Nyuzi zako bado hazijatengenea tu?" akasema.

Nikaendelea kupiga.